Watu Elfu wa Uongo

Kahindo anataka jibu kabla ya Ijumaa:
chombo gani kitatupimia mtambo wa tiketi
kabla wasafiri wa Krismasi hawajaushukia.
Goma kwenda Bukavu, boti tatu, viti mia sita na arobaini.

Cha kwanza kinalipiwa kwa dola,
kila mwezi, kwa kadi ambayo sina.
Kinatuma watu wake kutoka mbali, kutoka baridini,
watu wa mtandao usiokatika:
wanabonyeza mara moja, wanangoja, wanashukuru.
Niliwatazama kwenye grafu. Mstari umenyooka
kama barabara ambayo haijawahi kupita huku.

Cha pili ni cha bure, vitufe kila pembe.
Watu mia mbili tu, kompyuta yangu ikaanza kuunguruma,
feni ikalia, nikainua mikono:
mpimaji kachoka kabla ya anayepimwa.

Halafu umeme ukakatika Himbi nzima,
nikashuka kununua mkate.
Pale mteremkoni Paluku, fundi chukudu,
alikuwa anapakia mawe meusi ya volkeno
juu ya chukudu mbichi isiyo na mnunuzi bado.
Hahesabu mawe. Katega sikio.
“Uzito si kitu,” akasema, “mimi nautafuta mlio.
Ikilia kwenye gurudumu, ni mpira, nitabadilisha.
Ikilia hapa shingoni, kuna mtu atavunjika meno.
Tena naipakia vibaya makusudi, upande mmoja,
maana mwenye viazi hapangi magunia
kama padri anavyopanga hostia.”

Nikarudi bila mkate.

Cha tatu hakina sura. Ni maandishi, ukurasa mmoja;
mtu unamwandika mwenyewe, tabia kwa tabia.
Nikamwandika Mama Masika wa Birere:
abonyeze, mtandao umkatikie sekunde nane,
abonyeze tena, na tena, mara saba,
amwachie mtoto simu, mtoto naye abonyeze,
akate tamaa,
arudi baadaye na hasira.
Nikamzidisha mara elfu.

Saa saba usiku, betri asilimia kumi na tisa,
nikawafungulia mlango.
Tulisimama dakika nne.
Kiti kimoja, namba kumi na nne, cha dirishani,
tulikuwa tumekiuza kwa Mama Masika kumi na wawili.

Sikuzima. Nilitega sikio
mpaka nikajua panapolia:
si langoni, si ghalani kwenye majina,
ni pale kwenye malipo, mkono mmoja unaandika
kabla mwingine haujamaliza kusoma.

Kahindo, jibu ni hicho cha tatu.
Sikisifu. Hakina picha nzuri ya kumwonyesha bosi,
na kila mtu wake lazima umzae wewe.
Lakini afadhali watu elfu wa uongo wanilaani usiku huu
kuliko mmoja wa kweli asimame gatini alfajiri
na watoto, na godoro, na tiketi halali
ya kiti alichokalia mwingine
mwenye tiketi halali.