Aya ya Nne

Tatu, kisha tano.
Nne hakuna.
Nikahesabu tena kwa ncha ya kalamu
kama muuza duka anayehisi noti moja imepungua.

Mwalimu Rwabushaija hakuinua hata macho:
"Hukukosea. Shuka kwenye tanbihi."
Huko chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
alikuwa amelazwa malaika mtibua maji.
Nakala kongwe hazimjui.
Za baadaye zinamleta,
nyingine zinamleta na vijinyota ubavuni,
mgeni aliyekaribishwa sebuleni
na begi lake likaachwa mlangoni.

Usiku ule umeme ulikatika Mukono nzima.
Nikawasha tochi ya simu, nikachora safu tatu:
nani anayo,
nani hana,
nani anasitasita.
Hata jina la birika hawakupatana.
Na msamiati wa aya ile si wa mwenye Injili,
umevaa shati la mtu mwingine, mikono imezidi.
Nikaandika kwa wino mweusi: *Imeongezwa.*
Nikalala kama askari aliyekamata mwizi.

Lakini mama aliipigia mstari kwa biro nyekundu.

Kila Agosti alinipeleka Kitagata,
kwenye chemchemi mbili za moto:
moja ya Omugabe, nyingine watu waliibatiza Mulago,
jina la hospitali, ila hapa
hakuna anayekudai barua ya rufaa.
Alijilaza juu ya jiwe, leso kifuani,
mguu wake mbovu ndani ya maji,
mvuke ukinuka kibiriti na sabuni ya watu.
Maji yakibubujika alinong'ona: "Amefika."
Nani, mama?
"Soma ya nne."

Likizo nikarudi huko na daftari langu.
Mahali pake alikuwa amelala Kyokwijuka wa Rukungiri,
magoti yamevimba kama maboga,
na mtoto mmoja akimsumbua:
mbona mnangoja hapa, si pale maji yalipopoa?
Akafikiri. Akafuta jasho.
"Wanasema..." akaanza,
nami nikasikia kalamu ikikwaruza ngozi ya mbuzi.

Nikamwona mnakili wangu, yule mwizi.
Hakuwa mwizi. Aliulizwa tu.
Mgonjwa wa aya ya saba anataja maji kutibuliwa,
na hakuna aliyesema nani anayatibua.
Basi akaandika pambizoni alichosimuliwa nyumbani,
labda na mama yake, labda ana mguu.
Aliyemfuata, taa yake ikiishiwa mafuta,
akadhani ni sentensi iliyosahaulika,
akaihurumia,
akaiingiza ndani.

Sikubadilisha hitimisho.
Imeongezwa; ushahidi ni ushahidi,
na Mwalimu alinipa alama themanini na mbili.

Kinachoninyima usingizi sasa ni ile ya saba.
Miaka thelathini na minane, na mtu yule
anasema hana wa kumbeba hadi majini.
Nilirudi kwenye safu zangu zote tatu.
Mwenye malaika anayo.
Asiye na malaika anayo.
Anayesitasita, hapo hasitisiti.
Wamebishana juu ya jina, milango, mbawa,
lakini katika nakala nilizozipanga
hapana hata mkono mmoja uliothubutu
kumfuta mtu asiye na mtu.

Agosti ya mwisho ya mama
nilikuwa na mtihani wa Kiyunani.
Nilinyambua kitenzi "kubeba" katika nyakati zote
bila kosa.

"We kijana wa kuandika,"
Kyokwijuka akaniita, mkono hewani,
"nishike kiwiko. Jiwe hili linateleza."

Nikaweka daftari mahali pakavu.