Mstari wa Kumi na Moja

Ukifungua orodha ya mapambano ya Zenon Krupiak,
uzito wa juu, Polandi,
shuka taratibu kwa kidole.
Mstari wa kumi na moja: Shekalaghe M., Tanga.
KO, raundi ya tatu.
Jina langu wamelikosea herufi mbili.
Ndiye mimi.

Walinitafuta kwa sababu nilikuwa mzito.
Kilo mia na nane, robota la katani begani
tangu nina miaka kumi na saba,
na ulingo wangu ua wa gereji, Makorora:
turubai limeshonwa na fundi viatu,
kengele ni rimu ya lori na spana.
Promota alisema, wanataka mtu anayesimama.
Hakusema asimame muda gani.

Nikatoka katani nikaingia Katowice
na koti la mjomba wa mke wangu, mabega yakigoma.
Theluji niliiona dirishani, sikuigusa.
Waja leo waondoka leo, twawaambia wageni hapa Tanga;
kule niliambiwa mimi,
kwa lugha nisiyoijua, pamoja na risiti ya hoteli.

Ngumi yenyewe?
Watu huniuliza kahawani, barabara ya kumi na mbili,
kama wanaoulizia habari za bi harusi.
Nawajibu: raundi ya kwanza nilimpata mbavuni,
akatoa sauti ndogo,
ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Sauti hiyo haimo kwenye orodha.
Raundi ya pili siikumbuki.
Ya tatu naikumbuka kutokea chini: taa nyingi,
na yeye ameinama, ameokota kinga yangu ya meno,
anaifuta kwenye bukta yake,
ananirudishia
kama muuza duka anayerudisha chenji.

Tangu hapo nimemfuata.
Siwezi kueleza. Dada yako akiolewa mbali
unajikuta unajua mito ya huko.
Wa kumi na mbili, Mbulgaria: pointi.
Wa kumi na saba alivunjika mkono, akakaa mwaka;
mwaka huohuo niliacha ngumi, nikanunua guta.
Wa ishirini, mkanda.
Nilinunua kreti zima la soda, nikawagawia makuli,
wakadhani nimepata mtoto.
"Kashinda nani?"
"Yule aliyenipiga."
Walicheka mpaka robota likaanguka.
Lakini hesabu ni hesabu:
kila alipopanda, kuanguka kwangu kulipanda naye.
Kupigwa na bingwa si sawa na kupigwa.

Kisha wa ishirini na nne. Wa ishirini na tano.
Kijana wa Kroatia, shingo ya fahali.
Nilitazama kwa simu ya binti yangu, Mwanamvua,
saa saba usiku, umeme umekatika, chaji asilimia nne.
Nikaona magoti yake yanafikiri.
Nayajua magoti yanayofikiri.
Simu ikazima kabla hajafika chini,
kwa hiyo kwangu, usiku ule mzima,
alikuwa bado anaanguka.

Asubuhi nikamwandikia neno moja, sikuwa na zaidi:
Pole.

Siku ya tatu akajibu.
Mwanamvua akayapitisha maneno kwenye kitafsiri,
akakunja uso.
"Baba, anauliza, shamba gani?"

Kumbe kwao pole ni shamba.

Nilikaa juu ya guta mpaka jua likanifikia miguuni.
Kisha nikamwambia Mwanamvua, andika:

La mkonge. Lipo njia ya Pangani.
Mwiba wake uko kwenye ncha ya jani;
ukijua pa kushika, huchomwi.
Mimi sikujua. Wewe ulijua mpaka juzi.
Njoo ulione.
Waja leo,
si lazima uondoke leo.