Safu ya Hasara

Bambi, saa nne asubuhi. Naipa programu inachokitaka:
mwinamo wa paneli, nyuzi kumi,
urefu wa waya, joto la kila mwezi,
kivuli cha mnazi wa kina Tatu Makame.
Inanirudishia mwaka mzima wa umeme
umekunjwa kama mkeka mpya,
haujakaliwa na mtu.

Kwenye safu ya hasara pana vumbi: asilimia mbili.
Vumbi gani, na mvua hii?
Natafuta kunguru. Hawamo.
Aliyeiunda hajapata kusugua kioo jioni
akakikuta asubuhi kimepakwa chokaa.

Namwita Mwanapandu, mwenye ndoo na ngazi.
"Wakila mapera, huchafua mstari wa tatu.
Shokishoki zikiiva, yote."

Nafuta vumbi. Naandika kunguru.
Tatu nukta moja?
Anacheka kwa pua.
Naweka nne na nusu.

Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kisha Desemba inapungua
umeme wa kusagia nazi za harusi mbili.

Mmoja katua juu ya inveta,
shingo ya kijivu, jicho kwangu.
Hafugiki, wasema watu.
Basi na ahesabiwe.