Sehemu ya Saba

Fomu ya benki imeniachia mistari mitatu.
"Eleza jinsi biashara yako inavyojikinga
na upungufu wa nishati na kupanda kwa bei."
Mistari mitatu, bwana Hokororo,
haitoshi hata majina ya mashemeji zangu.
Nageuza karatasi. Naandika nyuma.

Chikongola, Mtwara. Ubanguaji wa korosho.
Wanawake thelathini na mmoja, tanuri moja,
na mashine inayonyonya hewa pakitini
hadi punje zibanane
kama watoto chini ya shuka moja.
Umeme ukikatika katikati ya pumzi hiyo
pakiti hubaki na roho nusu.

Mwaka wa kwanza nilisaini na mnunuzi:
bei moja ya punje, miezi kumi, haigeuki.
Nikatoka ofisini natembea kibibi harusi.
Bei ya kuuzia nimeifunga kamba,
bei ya dizeli nimeiacha ilale nje.

Ikaamka mwezi wa nne.
Redio ikasoma bei mpya za mafuta, mkoa kwa mkoa,
na kufika Mtwara nikaizima,
kana kwamba bei isiyosikika hailipwi.
Usiku wa Alhamisi, saa nane, giza.
Kilo mia tatu tanurini, jenereta kavu.
Ngozi ya ndani ikapoa ingali mbichi,
ikaing'ang'ania punje kama mdai mlangoni.
Asubuhi Somoe Nantembo, mwenye vidole vyepesi kuliko kisu,
alimenya kumi, akavunja saba.
Hakusema neno.
Aliniwekea chenga kiganjani, akanikunja vidole.

Wageni huniuliza: nyie wa Mtwara,
gesi iko chini ya miguu yenu, mnakosaje moto?
Mchunga ng'ombe si lazima ndiye mnywa maziwa.
Bomba lina safari zake.

Basi nilijifunza, na karo nililipa mwenyewe.
Maganda niliyokuwa nikimlipa mwenye mkokoteni ayatupe
sasa ndiyo yanayochemsha bwela.
Moshi wake mkali; shuka za jirani, Bi Mwanahawa,
zilikuwa nyeusi wiki nzima, tukanuniana,
mpaka fundi Likapa akarefusha dohani
na mimi nikanunua shuka mbili.
Kufungasha nimekuhamishia alfajiri,
umeme unapokuwa bado hauna wagombezi.
Kumenya ni mchana; jua halina mita.

Na dizeli? Mapipa manne, nanunua mapema.
Mwaka jana nilinunua, bei ikashuka wiki ile ile,
Chitanda wa duka la vipuri akacheka hadi akakaa.
Acha acheke. Sikununua urahisi,
nilinunua kujua.
Usingizi nao una bei kwa lita.

Kwenye mkataba nimeongeza kifungu kimoja kifupi:
mafuta yakipita hapa, tunarudi mezani.
Mnunuzi alinuna siku kumi na nne, kisha akasaini.
Yeye pia ana jenereta lake mahali.

Nisikudanganye, maana riba utanitoza hata nikisema kweli:
msimu mikorosho ikikataa,
punje hakuna na ganda hakuna.
Hatari zangu mbili ni ndugu wa tumbo moja,
huja pamoja, hulala kitanda kimoja.
Ndiyo maana naomba hizi milioni kumi na nane za betri:
nipate hatari ya ukoo mwingine.

Nimemaliza. Weka alama yako, ndiyo au hapana.
Ila rudi juu kidogo, pale kwenye gesi,
uangalie mwandiko ulivyopinda.
Umeme ulikatika pale.
Kuanzia hapo nimekuandikia
kwa mwanga wa mlango wa bwela,
na karatasi hii, ukiinusa,
ina ganda ndani yake.