Tembe Ndani ya Ekzosi

Nimevuta kamba mara kumi na tisa.
Ya ishirini nikaacha, isije ikakatika
nikamlipa Mama Yaledi kamba isiyo yangu.

Mashine ililala stoo tangu Mei,
nyasi za Dodoma zilipokata tamaa.
Sasa ni Januari. Zimenyesha mvua tatu tu
na bustani hii ya Iyumbu imefika magotini;
Jumamosi kuna posa, wageni wanatoka Kondoa,
na Mama Yaledi yuko kibarazani, mikono kiunoni:
"Chilewa, itawaka, au nimwite mwenye fyekeo?"

Mwenye fyekeo ni mimi pia.
Sikumwambia.

Nikaanza na plagi. Imelowa,
nyeusi kama sufuria ya shughuli.
Nikaipangusa kwa pindo la shati,
nikaikwaruza kwa ubavu wa kiberiti,
nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta:
cheche ya buluu, jicho la paka.
Moto upo. Basi si moto.

Nikanusa tangi. Petroli ya Mei
inanuka kama mlango uliopakwa rangi jana.
Nikaimwaga, nikachanganya mpya,
lita moja kwa vizibo vinne vya oili;
ikizidi ni moshi, ikipungua pistoni inauma,
maana injini hii haina akiba tumboni,
inakula ya leo leo, kama kibarua.
Nikavuta. Ikakohoa kohozi moja.
Ikanyamaza.

Filta nikaikung'uta: vumbi jekundu, chafya nne.
Kabureta nikaipuliza kwa mdomo
mpaka ulimi ukafa ganzi.
Mgonjwa haulizwi uji,
huyu nimemuuliza hadi kabila.

Ndipo nikakumbuka:
kinachopumua huvuta, kisha hutoa.
Nimepekua pote inapovutia.

Nikaingiza kidole kwenye ekzosi.
Udongo. Mkavu, laini,
umelainishwa na kinywa.

Nyigu mfinyanzi.
Kiangazi chote, sisi tukinunua maji kwa dumu,
yeye alichota tope chini ya bomba linalovuja,
tonge kwa tonge,
akajenga tembe: paa bapa,
vyumba vinne, milango amekandika.

Nikachukua njiti ya baiskeli.
Nikakaa nayo.

Tembe ya mama ilikuwa hapa.
Sisemi karibu na hapa. Hapa.
Penye waridi palikuwa zizi.
Walikuja na futi, vigingi, namba za viwanja;
fidia tulilipwa, sawa, tulisaini kwa dole gumba.
Mama alikunja ngozi yake ya kulalia,
akaomba neno moja tu:
"Wasubiri kuku wangu aangue."
Wakasubiri siku mbili.
Kuku alitaka tisa.

"Chilewa!"

Nikachokonoa.
Kila chumba kilikuwa na mtoto mweupe amelala,
na buibui wa akiba kando yake.
Chumba kimoja kilitoka kizima.
Nikakiweka juu ya ukuta,
kwenye kivuli cha tangi la maji,
nikakigeuza mlango usitazame jua.

Mvuto mmoja.
Mashine ikanguruma, moshi wa buluu
ukatambaa hadi kibarazani,
Mama Yaledi akapiga makofi kama harusi imeshafika.

"Kumbe kulikuwa na nini?"

"Uchafu tu, mama."

Nikaanzia upande wa zizi.