Joto la Juu

Dada yangu Mideva huita joto la juu
nyuzijoto mia moja na arobaini chini ya sifuri.
Nilicheka hadi uji ukanipalia.
"Kwa fani yetu," akasema, "hiyo ni homa."

Mimi ni fundi wa nguzo. Kisumu naijua kwa mabega:
transfoma ya Obunga inayonguruma tangu Januari,
nyaya za Nyalenda zinazolegea saa moja jioni
kila jiko linapowashwa.
Umeme ni mali inayovuja njiani.
Tunaupakia Sondu tukihesabu,
tunaupakua Kondele tukihesabu upya,
na kilichopungua kimekuwa joto,
kimewapasha ndege miguu.

Yeye anatafuta kwa kalamu
waya usiotoza ushuru.

Hana maabara. Ana meza Maseno,
migongo ya karatasi za mtihani,
na alama moja ya kutoa iliyokosewa
ikamla miaka miwili.
Wengine, ng'ambo, huoka shaba na oksijeni,
huzizamisha katika nitrojeni inayotokota kwa baridi,
humtumia namba.
Yeye huuliza kwa nini.

Elektroni hazipendani, anasema.
Kila moja humfukuza mwenzake.
Lakini baridi ikifika pale pake
hushikana mbilimbili,
na mkondo hupita bila kukinzwa.
"Kumbuka mazishi ya baba."
Kegode na Amugune, tumbo moja,
miaka kumi na mmoja bila salamu, sababu ni mpaka wa shamba;
siku ile jeneza moja, hatua moja,
kutoka barabara ya Mudete hadi kaburini,
na tope lile lote
hakuna aliyejikwaa.

Katika risasi, katika zebaki, siri ilishafichuka:
wa kwanza akipita ardhi hubonyea,
wa pili hufuata bonde.
Katika shaba hii ardhi peke yake haitoshi.
Kuna kingine kilichowapatanisha.
"Kipi?"
Akakata mstari mzima.

Kisha stima ikapotea.
Simu ikalia: wezi wamekata shaba Mamboleo, mita sitini.
Nikavaa buti. Yeye akawasha mshumaa,
akageuza karatasi ya mwanafunzi aliyepata arobaini,
akaandika K, akaandika A,
na kati yao akaacha nafasi
ya upana wa jeneza.
Nilifunga mlango polepole,
upepo usiuzime.