Mkono Mmoja Mfukoni

Olweny aliileta Jumanne kwa mkokoteni,
imefunikwa blanketi kama mgonjwa wa homa.
"Imekuwa bubu huku juu," alisema. "Nyuzi nyembamba
hazilii tena. Chini inanguruma tu, kama tumbo."
Akalipa nusu, akaketi kwenye kreti ya soda.

Nilifungua skrubu kumi na mbili. Ya kumi na tatu ni msumari.
Ndani: mayai ya mende, vumbi la dansi za miaka hamsini,
fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya sigara,
na chini ya chasi, kwa penseli ya seremala:
*Mbaruku, Pumwani, 3/71. Usiguse waya huu.*
Waya upi, Mbaruku? Mshale wako umeliwa na kutu.

Kanuni aliyonipa mjomba Kilonzi
kabla hajanifundisha rangi za resista:
mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni.
Kapasita haziamini kwamba stima imekatwa.
Zinatunza volti mia nne kama mtu anavyotunza kinyongo,
kimya, hadi uziguse,
na ukizigusa kwa mikono miwili
njia yao ya mkato ni kifua chako.
Nikazimwaga polepole, wa kushoto
ukichezea shilingi tano na karanga moja.

Luthuli waliniambia: valvu? Dada, hapa ni vioo vya simu.
Ghorofa ya tatu, nyuma ya fundi wa saa,
nikamkuta Gathogo na soksi sita za watoto,
kila soksi na valvu yake, kutoka redio ya misheni.
Tulibishana hadi chai ikapoa.
Nilinunua valvu mbili. Soksi alibaki nazo.

Siku tatu moshi wa kulehemu ulikaa kwenye nywele zangu.
Kapasita zilizovuja nta, nje. Koni ya spika
niliiziba kwa gundi na pakiti ya majani chai.
Waya wa Mbaruku niliupata kwa kukosea:
niliusogeza nusu inchi
na nyuki wote wa Ukambani wakaingia chumbani.
Nikaurudisha. Samahani, mzee.

Ijumaa usiku zikapata moto, rangi ya chungwa lililoiva.
Nikapiga gitaa la kuazima.
Sauti ilitoka nzito mgongoni, mbichi mdomoni,
na uzi wa kwanza ukakata hewa
mpaka fundi cherehani wa jirani akasimamisha mguu.

Jumamosi Olweny akapiga, vidole vile vile vya zamani.
Akatikisa kichwa.
"Bado. Huku juu hakuna kitu."

Fundi cherehani alikuwa ameziba masikio.

Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kulia
kama kuku anayesikiliza mwewe.
Nikaangusha bisibisi, ile ndogo, nyuma yake, sakafuni.
Hakugeuka.

Nilidhani nitasema. Ulimi ulikuwa tayari.
Lakini amelipa nusu ili nitengeneze sanduku,
hakunilipa nimvunje.
"Nipe saa moja," nikasema.

Nikatoboa tundu nyuma, nikafunga swichi
na kapasita ndogo kama punje ya mtama.
Ikilala: sikio lake.
Ikisimama: masikio ya watu.

Akapiga ikiwa imelala. Mbwa wa Kirinyaga Road wakajibu.
Cherehani ikafungwa, mwenyewe akaenda kula mapema.
"Hiyo! Hiyo!" Olweny alicheka, meno machache, machozi kidogo.
"Ilikuwa imejificha wapi?"
"Kwenye waya, mzee."

Ochola, mjukuu aliyesukuma mkokoteni, nilimvuta kando:
mkiwa na wageni, iinue. Akiwa peke yake, iache ilale.
Aliuliza kwa nini. Nikamwongezea kamba ya kufungia.

Kabla sijarudisha ule msumari
niliandika chini ya Mbaruku, kwa rangi ya kucha
ambayo kutu haina hamu nayo:
*Nduku. Usiguse swichi hii.*
Nikachora mshale.
Sababu sikuandika. Hata yeye hakuandika yake.